Chumba Changu Katika Nyumba Isiyokuwepo

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza. Pamba yote tumeiingiza ndani, na huko ndani nako kunavuja. Kazi ya kujaza magodoro imesimama mpaka jua litoke, kwa sababu pamba yenye unyevu ukiishindilia inaota ukungu, na mteja anakurudishia godoro lako huku ameziba pua. Kwa hiyo msimu wote huu ni kukaa chini na kuchambua pamba kwa vidole, bonge baada ya bonge. Nachukia kuchambua. Heri kushona.

Jumanne, 3 Machi

Mvua. Tumechambua.

Alhamisi, 5 Machi

Leo Tukipata imeanza. Huu ni mchezo wa marehemu baba. Alituanzishia tukiwa watoto ili tusichoke na pamba: mikono inafanya kazi, mdomo unatumia hela. Kila mtu kwa zamu yake anasema akipata utajiri wa ghafla atafanya nini. Sheria ni moja tu, ni marufuku kuuliza hela imetoka wapi.

Kibogoyo, mzee anayetujazia magodoro, huwa wa kwanza. Miaka yote akitajirika ananunua meno. Meno tu, na hela inayobaki ananunua nyama yenye mifupa. Tumemwambia mara ngapi kwamba utajiri wa kwenye Tukipata hauishi, achukue na gari, achukue na shamba. Anasema akishapata meno hayo mengine atayafikiria kwa utulivu.

Mama akataka daktari wa macho wa kumfuata mpaka nyumbani. Wifi, mke wa mdogo wangu, akasema kama anavyosema siku zote: "Mimi sina neno. Mume wangu akipata, nimepata." Nilitamani kumrushia bonge la pamba. Mimi nikasema nitanunua ile mashine inayopuliza hewa ya moto ya kukaushia pamba, ili mvua inyeshe mpaka ichoke na sisi tuendelee na kazi. Wakacheka wote, mdogo wangu kuliko wote.

"Dada bwana! Utajiri wote huo, unaenda kujinunulia kazi?"

Kisha ikafika zamu yake, akaanza kujenga nyumba.

Ijumaa, 6 Machi

Bado anajenga. Leo ameweka ngazi.

Jumatatu, 9 Machi

Karakana inavuja sehemu tatu. Nimemwomba mdogo wangu apande juu azibe angalau pale juu ya meza ya kukatia, meza imeanza kuvimba. Ameniambia nisubiri, yuko kwenye kuchagua vigae. Nilidhani anatania. Ameniuliza kwa dhati kabisa kama ningependelea vyeupe au vya rangi ya udongo.

Mtaa mzima unamwita Bosi. Baba alimwachia karakana kwa kuwa ni mwanaume, na mimi sikusema kitu kwa sababu nilikuwa nimeolewa. Ndoa ilipovunjika nikarudi, nikapewa kulala na Mama chumba cha nyuma, na nikapewa cherehani nyeusi ya kushonea kingo. Bosi huyu mimi nimembeba mgongoni. Mimi ndiye niliyemfundisha kutunga uzi kwenye sindano, na alilia wiki nzima kabla hajaweza.

Alhamisi, 12 Machi

Nimekasirika, lakini nitaandika.

Leo alimaliza nyumba. Akatutembeza ndani yake, chumba kwa chumba, kama mtu anayeonyesha wapangaji. Chini kuna sebule. Kuna jiko la wifi, jiko kubwa, la marumaru, lenye dirisha la kutazama bustani. Kuna chumba cha Mama karibu na bafu ili asihangaike na ngazi. Kuna gereji. Juu kuna chumba chao wenyewe, kuna cha mtoto wa kwanza, kuna cha wa pili, na kuna cha wageni. Nje kwenye bustani kuna kibanda cha mlinzi, na Kibogoyo ndiye mlinzi, kwa hiyo hata Kibogoyo ana mahali pa kuweka meno yake.

Nikaendelea kuchambua. Nikasubiri. Akafika kwenye ukuta na geti, akafunga geti, akashukuru.

Nikauliza, "Na mimi nalala wapi?"

Mvua ikasikika vizuri juu ya mabati.

"Wewe?" akasema.

"Mimi. Dada yako. Huyu aliyekaa hapa."

"Ah, dada." Akacheka kidogo, kile kicheko cha kumtuliza mteja godoro likichelewa. "Wewe si utakuwa kwako?"

"Kwangu wapi?"

"Tukishapata hela, dada, huwezi kukosa mtu."

Nilidhani sijasikia sawasawa, nikamwomba arudie. Akarudia! Kwamba utajiri ukiingia, atajitokeza mwanaume wa kunioa, kwa hiyo hakuona haja ya kunijengea. Alisema hivyo mbele ya Kibogoyo. Mama akasema, "Mwenzio anakuombea mema," na wifi akainamisha uso kwenye pamba kama hayupo.

Nina miaka arobaini na sita. Gari lisilokuwepo limepata chumba. Wageni, ambao hata hatuwajui, wamepata chumba chenye kabati la ukutani. Mimi niliyepo, ninayeshona kila ukingo wa kila godoro linalotoka kwenye mlango ule, sina hata pa kutandika mkeka. Najua kwamba nyumba haipo. Mimi si mjinga. Lakini yeye alikuwa na hela isiyokwisha na kiwanja kisicho na mwisho, angeweza kuweka vyumba mia, na katika vyumba mia hakunikumbuka.

Nilitoka nikasimama uani mpaka nguo zikalowa. Hakuna aliyekuja kuniita.

Ijumaa, 13 Machi

Sisemi na mtu.

Jumamosi, 14 Machi

Sisemi na mtu. Kibogoyo ameniambia naweza kukaa kwenye kibanda chake, yeye atalala geti. Nimemjibu huyo tu.

Jumatatu, 16 Machi

Nimepewa chumba. Mama ndiye aliyeniletea habari, kwa minong'ono, kama mtu anayeleta posa. Kiko chini, kati ya jiko na stoo.

"Kina dirisha?" nikauliza.

Mama akaenda karakana kuuliza. Nawaambia ukweli, mama yangu mzima, na magoti yake mabovu, alivuka uwanja kwenye mvua kwenda kuuliza kama chumba kina dirisha. Akarudi akasema kina dirisha dogo la juu, la kupitisha hewa.

"Mwambie stoo ndiyo inayohitaji dirisha la namna hiyo. Mimi napumua kwa pua."

"Mwanangu, sasa mbona unagombania kitu ambacho hakipo?"

"Kama hakipo, kwa nini ananipimia?"

Mama akakamua maji kwenye khanga yake. Nami baadaye nikajisikia vibaya kwa sababu ya magoti yake, lakini hasira haikupungua. Ilihama tu. Sasa namkasirikia wifi. Jiko la marumaru! Naona kabisa ni yeye aliyempangia mumewe usiku chumba gani kiwepo na kipi kisiwepo. Huyu mwanamke wa "sina neno" ana maneno yake huko ndani.

Jumatano, 18 Machi

Mvua haijakatika tangu jana. Leo nimeshinda nacheza Tukipata peke yangu, kimya kimya, huku nachambua.

Nikipata mimi, nitainunua karakana hii. Nitamtuma mtu mwingine aje na bei, Bosi asijue ni nani. Akishasaini ndipo nitatokea. Sitamfukuza. Nitamwambia akae pale pale mlangoni aongee na wateja, maana ndiyo kazi anayoiweza, na kila asubuhi aniulize, "Dada, leo nifanye nini?" Nitamjibu, "Subiri, niko kwenye kuchagua vigae."

Nitajenga nyumba yenye chumba kimoja tu. Kikubwa. Katikati nitaweka kiti kimoja. Siku ya kuingia nitawaalika wote, watavaa vizuri, watafika, watatafuta pa kukaa. Wifi nitamwonyesha jiko: hakuna jiko. Nitanunua chakula hotelini mpaka nife. Bosi atauliza na sisi tunalala wapi, nami nitacheka kile kicheko chake. "Ah, mdogo wangu. Wewe si utakuwa kwako?"

Niliendelea hivyo mpaka nikagundua pamba yote niliyochambua tangu asubuhi nimeichanganya na mbegu zake. Ikabidi nirudie yote.

Ijumaa, 20 Machi

Jua kidogo. Tumeanika, tumeanua. Mvua.

Jumanne, 24 Machi

Kazi kubwa imeingia. Matroni wa shule ya bweni amekuja mwenyewe, na miwani yake, na kuketi kwake kwa wima. Anataka magodoro arobaini kabla ya muhula kufunguliwa. Kitambaa analeta yeye, buluu iliyoiva, kizito. Amesema wazi kwamba akikuta kasoro anapeleka kazi ya miaka yote kwa watu wengine. Bosi ameweka mkono kifuani akamwahidi kama anaapa mahakamani.

Hii ndiyo kazi itakayotuvusha. Tangu mvua zianze hatujauza kitu.

Alhamisi, 2 Aprili

Jua siku ya tatu mfululizo. Pamba inakauka. Kibogoyo anaimba.

Jumatatu, 6 Aprili

Kitambaa kimefika. Meza imevimba kwa maji yanayodondoka, haifai tena, kwa hiyo tumefagia sakafu na kutandaza kitambaa hapo, kimekunjwa tabaka nne ili mkato mmoja utoe vipande vinne. Nimemwachia Bosi kupima na kuchora. Kesho mimi na Kibogoyo tunakwenda kununua uzi wa katani.

Jumanne, 7 Aprili

Nikitulia nitaandika vizuri. Sijatulia.

Tulipokwenda kununua uzi, Mama alibaki na Bosi karakana. Ikanyesha. Bosi akapatwa na huruma, anasema. Akakumbuka kwamba sijamsemesha tangu mwezi uliopita ila kwa mambo ya kazi. Akaona atafute namna ya kukitoa chumba changu pale stoo na kukisogeza mbele, ili kipate dirisha la kweli. Lakini ramani ilikuwa kichwani tu, haikukubali kusogea. Akataka kuiona. Meza imelowa. Sakafu imefunikwa. Mkononi ana chaki.

Akaichora nyumba juu ya kitambaa cha shule.

Yote. Sebule, jiko, gereji, vyumba. Alichora kwa rula ya fundi, mistari imenyooka, hajawahi kuchora godoro kwa uangalifu namna ile. Alipomaliza akaona haifai kuifuta kabla sijaiona, akaiacha, akaenda kula. Alipanga nikirudi anionyeshe, kisha tuifute pamoja kwa brashi, tucheke, yaishe.

Mama akaingia. Mama amekata kitambaa kwenye karakana hii tangu kabla sijazaliwa. Macho yake siku hizi hayaoni nyuso vizuri, lakini chaki nyeupe juu ya buluu anaiona. Alikuwa anataka kusaidia, kazi ni kubwa, siku ni chache. Akachukua mkasi wa baba, akapiga magoti yake mabovu, akafuata mstari.

Tuliporudi alikuwa amefika kwenye kibanda cha mlinzi.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimekata. Si mmechora?"

Na kwa kuwa kitambaa kilikuwa kimekunjwa tabaka nne, hakukata nyumba moja. Alikata nyumba nne. Zilikuwa zimelala pale sakafuni, sebule nne, gereji nne, majiko manne ya marumaru. Mama akainua vipande vidogo kuliko vyote akatuonyesha, anatabasamu, amechoka.

"Hivi vidogo nilidhani ni vya mito. Nikasema, jamani, watoto wa siku hizi wana vichwa vidogo."

Vilikuwa chumba changu.

Kibogoyo alianza kucheka, kisha akatuona nyuso zetu, akaenda kucheka nje. Bosi aliingia akiwa bado anapangusa mdomo. Akasimama. Nilimwona akitafuta mtu wa kumlaumu. Alimtazama Mama, akaona kwamba hawezi. Ndipo akanigeukia mimi.

"Haya. Umefurahi sasa?"

"Nani, mimi?"

"Ulitaka chumba. Umenikalia rohoni mwezi mzima, chumba, chumba, chumba! Usingeng'ang'ania, mimi ningechora nini?"

Sijawahi kumpiga tangu alipokuwa na miaka tisa. Leo niliinua mkono. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa kwa sababu Mama alikuwepo na bado yananitia aibu kwa upande wake, siyo kwa upande wa Bosi. Nilimwambia ni kichwa maji. Hilo naliandika. Nilimwambia ana hela ya kujenga ghorofa na hana msumari wa kuziba tundu juu ya meza.

"Wewe ndiye uliyeleta haya," akasema tena, kwa sauti ya chini, kama anayejifundisha wimbo.

Ndipo wifi akasema kutoka mlangoni, wala hakupaza sauti, "Chaki ilikuwa mkononi mwa nani?"

Sote tukageuka. Bosi alimwangalia mkewe kana kwamba kiti kimeongea.

Jumatano, 8 Aprili

Hatuna uwezo wa kununua kitambaa kingine, na matroni hatakiwi kujua. Nimesema nitaunga. Vipande vyote vitaunganishwa upya, mishono ikae upande wa chini, magodoro yafike arobaini. Nimesema kwa Mama, siyo kwa Bosi. Mama hajala tangu jana. Nimemkalisha karibu yangu ashike vitambaa nikishona, asije akajiona amekuwa mzigo.

Ijumaa, 10 Aprili

Mgongo unaniuma vibaya.

Wifi amekuja kunisaidia bila kuombwa. Anapanga vipande na kubana kwa pini, mimi napitisha mashine. Kisha akanyanyua kipande kimoja kikubwa, akakigeuza, akasema, "Hili jiko langu."

Nilidhani anajigamba.

"Wifi, kila mvua ananijengea jiko," akasema. "Miaka kumi na moja. Mwaka juzi lilikuwa na meza ya kioo, mwaka huu marumaru. Hajawahi kuniuliza kama napenda kupika."

"Hupendi?"

"Sipendi! Mimi kabla hajanioa nilikuwa nakata tiketi kituo cha mabasi. Nilikuwa nagombana na makondakta kutwa nzima, nikirudi nyumbani nimechoka raha mustarehe. Huko kwenye Tukipata ningependa anipe kibanda cha tiketi. Kidogo tu, chenye kitobo."

"Sasa mbona husemi? Kila siku sina neno, sina neno."

"Nikisema ataniambia nini? Atacheka. Wewe ulisema mashine ya kukaushia, walikufanyaje?"

Nilisimamisha cherehani. Miaka yote hiyo nimekaa na huyu mwanamke nikimwona amejaa ndani ya nyumba ya ndugu yangu, hakuna nafasi yangu kwa sababu yake. Kumbe naye amefungiwa jikoni, tena jiko lenyewe halipo. Nilimwomba msamaha kwa niliyoyawaza. Akauliza niliwaza nini. Nikamwambia ile nyumba ya kiti kimoja, akacheka mpaka pini zikamdondoka mdomoni.

Jumatatu, 13 Aprili

Kushona.

Jumanne, 14 Aprili

Kushona. Mvua. Ndoo ya pili juu ya meza.

Jumamosi, 18 Aprili

Kibogoyo amejaza la mwisho. Yote arobaini. Vidole vyangu haviwezi kukunjika vizuri, hata mwandiko huu ni wa taabu.

Jumatatu, 20 Aprili

Matroni amekuja. Alipita akibonyeza moja moja, akageuza mawili matatu, akaona mishono ya chini. Akapitisha kidole juu ya mshono, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Huu ni mtindo gani?"

"Mpya," akasema Bosi bila hata kupepesa. "Unaongeza uimara."

Akavuta kwa nguvu. Haukuachia. Akavuta tena. "Umekaa vizuri sana. Nani ameshona?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale, uzi umenining'inia shingoni. Bosi akaweka mkono kifuani.

"Karakana, matroni. Karakana ndiyo imeshona."

Karakana haina mikono. Nilitaka kusema hivyo na sikusema, kwa sababu kazi ilikuwa haijapakiwa na tulihitaji ipakiwe. Nimekasirika mpaka sasa masikio yanavuma. Mwaka ujao matroni ataleta tena kazi yake, na Bosi atamwahidi tena, na mimi nitashona tena.

Jumatano, 22 Aprili

Leo Bosi ana furaha. Kazi imelipwa, mvua imerudi, akasema tukae tuchambue kidogo kama zamani. Kisha akasema zamu ya kwanza ni yake, ana jambo.

"Dada, nimekufikiria sana," akaanza. Sauti ilikuwa laini, na naamini alikuwa na nia njema, hilo siwezi kumnyima. "Nimekosea. Chumba chako nimekipeleka juu. Ndicho kikubwa kuliko vyote. Kina bafu lake, kina roshani yake. Mimi na mama watoto tunahamia chini. Umeridhika?"

Mama akapiga makofi. Kweli, alipiga makofi. Kibogoyo akasema, "Hapo sawa." Bosi machozi yalimlengalenga.

Nikasema, "Sikitaki."

"Basi niongeze nini? Wewe sema tu. Chochote."

"Cherehani nyeusi."

Akacheka. "Sasa huko juu utaiweka wapi? Pale roshani?"

"Siyo huko. Hapa. Leo. Sema mbele ya Mama kwamba cherehani ile ni yangu."

Kicheko kikaisha. Nikaona uso wake unavyofungwa, kama duka. Akachukua bonge la pamba akaanza kulichambua, yeye ambaye hajachambua tangu mvua zianze.

"Cherehani ni ya karakana, dada."

"Ilinunuliwa kwa hela ya yale magodoro ya hospitali. Nani alishona yale magodoro? Wewe ulikuwa shuleni."

"Hayo ya zamani tusiyafukue. Mimi nina familia."

"Kwani nimeiomba familia? Nimeomba mashine ambayo hakuna mwingine anayeikalia."

Mama akasema polepole, "Mpe tu, baba."

"Mama, usiingilie mambo ya kazi."

"Roshani umenipa," nikasema. "Bafu umenipa. Chumba chako mwenyewe cha kulala umekitoa hata hukupumua."

"Lakini ile si ya kweli, dada!" Alipiga kelele mpaka mate yakamruka. "Ile si ya kweli!"

"Ndiyo maana umenipa."

Hakuna aliyechukua zamu baada ya hapo. Tulichambua mpaka giza likaingia. Alipokuwa anaondoka alisema bila kugeuka, "Kama unadhani ni yako, ichukue tuone." Nadhani alisema kwa kunikomoa. Mimi nimesikia alichosema.

Alhamisi, 23 Aprili

Asubuhi na mapema nilivuka barabara kwenda kwa fundi viatu. Ana kibaraza kirefu, na yeye anatumia upande mmoja tu. Nikamwuliza kama naweza kukodi upande wa pili. Akauliza nitashona nini. Nikamwambia chochote chenye kingo. Akakubali, tukapatana.

Nilirudi nikaanza kuifungasha cherehani. Mama alikuwa amekaa kwenye pamba. Akaniuliza kama nahama, nikamwambia nitalala naye chumba cha nyuma kama kawaida, ninahamisha kazi tu. Kisha akaniuliza kama huko kwangu kutakuwa na vya kukata. Nikamwambia vitakuwepo. Akasema nichore mistari minene.

Cherehani ile na meza yake ya chuma ni nzito kuliko mtu. Nilijaribu kuiburuta, ikasogea kidogo ikagoma. Kibogoyo alikuwa hajafika. Ndipo upande wa pili wa meza ukanyanyuka. Alikuwa wifi, amejifunga kitambaa kichwani, amekunja mikono ya gauni.

"Mumeo atakusema," nikamwambia.

"Aseme. Mimi nimezoea makondakta."

Tukafika mlangoni, tukakwama. Mlango wa karakana una pande mbili, lakini huwa tunafungua upande mmoja, ule mwingine umekazwa kwa komeo juu na chini, unafunguliwa tu magodoro yakitoka. Tukageuza meza kwa ubavu, haikupita. Tukaigeuza tena. Tulikuwa tunahema, mvua inatupiga usoni, na mimi nilianza kulia kwa hasira, hasira ya kushindwa na mlango baada ya yote haya.

Bosi alikuwa amesimama nyuma yetu. Sijui alikuwa amesimama hapo tangu lini. Wifi akamwona, hakuachia meza. Mimi nikajiandaa. Nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni, niliyoyaweka tangu mwezi wa tatu.

Akapita pembeni yetu. Akainama akafungua komeo la chini. Akavuta kiti, akapanda, akafungua la juu, likamsumbua, akaligonga kwa kiganja mpaka likaachia. Akausukuma ule upande wa pili wa mlango ukafunguka wote. Hakunitazama, alibaki juu ya kiti ameshika mlango usirudishwe na upepo. Mimi pia sikumtazama, kwa sababu ningemtazama ningeirudisha meza ndani. Tukapita.